Likizo ya visiwa vya Ssese: panga meli kwanza, hoteli baadaye

Mimi kazi yangu ni kupeleka wageni visiwani Ssese, huku Uganda, kutoka Entebbe. Kosa ninaloliona kila msimu ni moja: mtu anaona picha ya ufukwe mweupe, analipia chumba, halafu usiku wa kuamkia safari ndipo anauliza, "Hivi tunavukaje?" Ziwa halimsubiri mtu. Ukikosa meli ya leo, umelala Entebbe, na chumba cha kisiwani umekilipia bure.

Nilijifunza hivyo kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo nilipokea familia kutoka Mwanza, mama na wanawe watatu, nikawapeleka kula kwanza kwa sababu walikuwa na njaa. Tulifika gatini saa nane na dakika kumi, meli tunaiona kwa nyuma. Nikaona nijifanye hodari, nikawachukulia boti ya mbao. Katikati ya ziwa upepo ukageuka, mama akashika tasbihi hadi tunatia nanga, na hakunisemesha mpaka kesho yake. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na chombo.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Ssese ni visiwa 84 kaskazini magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambalo Waganda wanaliita Nnalubaale. Kikubwa ni Bugala, na mji wake ni Kalangala. Milango mikuu ya kufika Bugala ni miwili, na wewe unayesoma Kiswahili huenda wa pili ndio wako.

Mlango wa kwanza ni Nakiwogo, hapo hapo Entebbe. Meli ya abiria huondoka saa nane mchana na kufika ghuba ya Lutoboka baada ya saa tatu na nusu hivi, jua likiwa linaelekea kushuka. Kurudi huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Fika Nakiwogo saa sita, si saa saba na nusu. Kama una gari, wahi zaidi, kwa sababu sehemu ya magari ni ndogo na inajaa kabla ya viti. Piga simu siku moja kabla kuhakikisha meli ipo, maana kuna siku inapelekwa matengenezo bila tangazo la kutosha. Pasaka, Idi na Krismasi usithubutu kwenda bila kukata tiketi mapema.

Mlango wa pili ni Bukakata, upande wa Masaka. Hapa kuna kivuko kinachobeba magari hadi Luku, ncha ya Bugala, na hakitozi nauli, hata kwa gari. Kinakwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Kutoka Kampala utapita Kayabwe, penye mstari wa ikweta (simama upige picha, kila mtu anapiga), kisha Masaka, kisha ukate kushoto kwenda Bukakata.

Sasa Mtanzania anayetoka Bukoba asikie vizuri: ukishavuka mpaka wa Mutukula, njia inapita Kyotera hadi Masaka. Huna sababu ya kwenda Kampala kwanza. Nimeona watu wa Kagera wakipanda basi hadi Kampala, wanalala, wanashuka Entebbe, wanapanda meli, wakati wangeshuka Masaka na kufika ufukweni siku ile ile.

Mlango wa tatu upo, mwalo wa Kasenyi karibu na Entebbe, ambako maboti ya mbao yenye injini huenda visiwa vidogo kama Banda. Huo ninauzungumzia kwenye usalama.

Hatua ya 2: Chagua siku

Miezi yenye mvua kidogo ni Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Machi hadi Mei, na tena Oktoba na Novemba, mvua ni za kweli, ingawa visiwani mvua haina adabu na inaweza kukutembelea mwezi wowote. Juni hadi Agosti kuna upepo wa kusini unaoinua mawimbi. Anayetapika kirahisi achague Januari.

Radi za usiku usizipuuze. Usiku maji hubaki na joto kuliko nchi kavu, pepo za pande zote zinakutana katikati ya ziwa, mawingu yanapanda, na ngurumo zinapigwa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Kufika saa nne asubuhi mara nyingi kumetulia. Ndiyo maana boti dogo la kwenda visiwani sipandi alfajiri.

Jambo lingine ambalo vipeperushi havisemi: sami, wale nzi wadogo wa ziwa. Mwezi unapoandama hutoka majini kwa mamilioni, kwa mbali utadhani moshi unapanda juu ya ziwa. Hawaumi, lakini wanafuata taa na wanaingia kwenye supu. Usiku huo zima taa ya barazani.

Hatua ya 3: Karatasi, sindano na pesa

Mkenya na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinatakiwa, na chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla. Malaria ipo, kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu dawa ya kinga, na ulale ndani ya chandarua hata kama mwenye hoteli anakwambia hapa hakuna mbu.

Pesa taslimu beba, za noti ndogo. Pesa ya simu inafanya kazi Kalangala mjini, ila kisiwa kidogo mtandao unakuja na kuondoka, na mama muuza samaki hana chenji ya noti ya elfu hamsini.

Hatua ya 4: Unganisha wanyama na safari ya meli

Hapa ndipo mpangilio wangu unapolipa. Mwalo wa Nakiwogo unaokupeleka Ssese ndio huo huo unaovukia kwenda Buwaya, njia ya kinamasi cha Mabamba. Ondoka Entebbe saa kumi na mbili asubuhi, vuka, ingia mtumbwi, mtafute korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Anasimama kimya kwenye mafunjo akimvizia kamongo. Wavuvi wa zamani walimchukia, walisema ukimwona asubuhi hupati samaki, wakawa wanamuua. Siku hizi wengi wao ndio wanaopiga kasia za watalii, na ukimwona mapema wanafurahi kukuzidi. Saa tano uko njiani kurudi, saa sita uko Nakiwogo kwenye foleni ya meli. Chakula? Nunua roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ule ukiwa kwenye foleni. Somo la mama wa Mwanza hilo.

Sokwe waweke siku ya mwisho. Kisiwa cha Ngamba, kilomita 23 kutoka Entebbe, si sehemu ya Ssese na meli ya Kalangala haipiti huko. Tangu mwaka 1998 ni makazi ya sokwe waliookolewa kutoka kwa majangili na watu waliokuwa wakiwafuga. Sasa wako karibu 50. Kisiwa kilichaguliwa kwa sababu sokwe hawawezi kuogelea, maji yenyewe ndiyo uzio. Utawaona wakilishwa, ukiwa juu ya jukwaa, asubuhi karibu saa tano au alasiri karibu saa nane na nusu. Una mafua? Ahirisha. Magonjwa yetu ya njia ya hewa huwapata na wao, na huwaumiza sana.

Visiwani kwenyewe usitegemee simba. Utaona ngedere, hondohondo, kasuku wa kijivu ukiwa na bahati, na tai mvuvi ambaye utamsikia kabla hujamwona. Kuna nzohe pia, swala wa majimaji, lakini kwa miaka yote niliyozunguka nimeona nyayo zake mara nyingi kuliko mwenyewe.

Hatua ya 5: Ufukwe, na kwa nini ziwa si bahari

Fukwe za Lutoboka ni nzuri, mchanga mweupe, msitu unashuka hadi majini. Nitakwambia ukweli mwingine: toka nje ya ghuba hiyo na sehemu kubwa ya Bugala utakayopita ni michikichi kwa mistari, iliyoanza kupandwa katikati ya miaka ya 2000 palipokuwa na misitu. Imeleta barabara na ajira. Mimi bado nauonea wivu msitu wa visiwa vidogo.

Kuogelea. Kichocho kipo Ziwa Viktoria. Vimelea hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na hutoka zaidi jua likiwa juu, kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Pale pa kina kifupi penye matete, ambapo watoto wanacheza na akina mama wanafua, ndipo pabaya zaidi. Mgeni wangu asiyekubali kukaa kavu namwambia aogelee mbali na majani, asikae majini muda mrefu, ajifute kwa taulo mara anapotoka. Hiyo haiondoi hatari. Kwa hiyo wiki sita hadi nane baada ya safari nenda ukapimwe, na mwambie daktari uliogelea ziwani. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Na uliza wenyeji kuhusu mamba kabla hujavua shati.

Hatua ya 6: Boti dogo

Agosti 2023 boti iliyotoka Kalangala kwenda Kasenyi ilizama na watu 20 wakafa. Ilikuwa imejaza mkaa, vyakula na dagaa pamoja na abiria. Basi usiangalie rangi ya boti, angalia ukingo wake. Ukiona umebakiza kiganja kimoja kufikia maji, shuka, hata kama umeshalipa. Jaketi la kuokolea livae na ulifunge, usilikalie. Nahodha akisema "majaketi yapo chini ya mizigo", hayapo. Na mwenye boti akisita kuondoka kwa ajili ya upepo, mnunulie chai mkae. Usimwongezee pesa ili ajikaze.

Hatua ya 7: Watu

Mialoni Kiswahili kitakufikisha. Wavuvi wametoka Kongo, Tanzania, Kenya na Rwanda, na hata neno lenyewe, mwalo, kwa Kiganda ni omwalo. Saa nazo wanahesabu kama sisi: ssaawa munaana ni saa nane, hakuna kuchanganyikiwa. Samaki ndio wanabadili majina. Dagaa ni mukene, sato ni ngege, sangara ni mputa.

Lakini usimvamie mzee wa Kiganda na Kiswahili moja kwa moja. Kwa kizazi chake Kiswahili kilikuwa lugha ya askari aliyekuja usiku kugonga mlango. Anza na Kiganda, hata kibovu: asubuhi "Wasuze otya, ssebo", mchana "Osiibye otya, nnyabo", ukipewa kitu "Weebale", yaani asante. Ssebo ni bwana, nnyabo ni bibi. Salamu ziende taratibu, usikimbilie kuuliza bei. Baada ya hapo utasikia mwenyewe anakujibu, "Habari yako mgeni," na anacheka.

Ukiwa umekaa naye, muulize habari za zamani. Wasese walikuwa mafundi wa mitumbwi ya Buganda, mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, ambayo Kabaka aliitumia vitani. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi kando ya ziwa, serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wa visiwani, na visiwa vikabaki na mbung'o na misitu kwa miaka. Ukijua hilo unaelewa kwa nini vijiji vingi unavyoviona ni vya wahamiaji.

Kisiwa cha Bubembe ndiko kwao Mukasa, mungu wa ziwa katika imani ya Kiganda. Mahali pa ibada si bustani ya wanyama. Nenda na mwenyeji, vua viatu ukiambiwa, na kamera ibaki mfukoni hadi upewe ruhusa. Mgeni wangu mmoja aliwahi kukataliwa kuingia, akaanza kutaja alicholipa. Tulirudi kwenye boti kimya.

Hatua ya 8: Kurudi

Usiku mbili zinatosha kwa Bugala peke yake, tatu kama unataka kisiwa cha pili. Usikate ndege ya siku ile ile unayotoka kisiwani. Acha siku moja Entebbe, uitumie Ngamba.

Wengi wanataka kurudi na samaki. Nunua wa kukaushwa, anavumilia safari, na angalia kipimo: sangara asiwe chini ya sentimita 50, sato asiwe chini ya 28. Doria za ziwani hukagua, na "sikujua, mimi mgeni" wameshaisikia. Mfunge kwa karatasi nyingi, tena umweke chini kabisa ya begi, mbali na nguo za kuvaa kesho. Usiku wa mwisho lipa hoteli kabla ya kulala, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu asubuhi mhasibu hayupo, na meli inapiga honi saa mbili.