Kumtoa mtoto kwenye maziwa ya kopo na kumzoesha chakula cha nyumbani

Mtoto wa mwaka na miezi mitatu anamaliza chupa tano kwa siku, halafu akiletewa bakuli anafunga mdomo na kugeuza uso. Nyumbani wanasema ni mchaguzi wa chakula. Piga hesabu kwanza: chupa tano za mililita 210 ni zaidi ya lita moja ya maziwa. Mtoto huyo ameshiba kabla wali haujaiva.

Ndiyo maana kazi hii inaanza na kalamu. Kwa siku tatu andika kila chupa: saa ngapi, mililita ngapi, alibakiza kiasi gani. Unakotaka kufika ni mililita 300 mpaka 500 za maziwa kwa siku, yaani vikombe viwili vya kiasi, na milo mitatu au minne ya kweli pamoja na asusa moja au mbili. Ukijua ulipo, utajua una chupa ngapi za kuondoa.

Maelekezo haya ni ya mtoto aliyetimiza miezi 12. Aliye chini ya hapo aendelee na maziwa yake huku akila. Kama mtoto alizaliwa njiti, au mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, au anatumia maziwa maalumu aliyoandikiwa na daktari, ongea na mhudumu wa afya kabla ya kubadilisha chochote. Mama anayenyonyesha asiache. Kinachoondoka hapa ni kopo, na ziwa la mama linafaa mpaka miaka miwili na zaidi. Usianze pia wakati mtoto anaharisha, ana homa, au ndiyo kwanza mmehama nyumba.

Baada ya mwaka mmoja hakuna haja ya kununua makopo yale ya "hatua ya tatu". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema wazi kwamba maziwa hayo hayapendekezwi kwa watoto wa miezi 12 hadi 23, na kwamba maziwa ya kawaida ya mnyama yanaweza kutumika. Fedha ya kopo hilo inanunua mayai, maini na dagaa, na hivyo ndivyo mtoto anavyovihitaji.

Sababu ni madini ya chuma. Maziwa ya kopo yameongezewa chuma. Ya ng'ombe karibu hayana, na yakizidi yanazuia hata kile kidogo kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe. Mzazi akibadilisha kopo kwa lita moja ya maziwa ya ng'ombe bila kubadilisha sahani, miezi michache baadaye mtoto amepauka, amechoka na damu imepungua, ingawa anaonekana mnene. Kwa hiyo kila chupa inayoondoka ifuatwe na chakula chenye chuma.

Maziwa yenyewe yawe na mafuta yake yote. Yaliyopunguzwa mafuta hayafai kabla ya miaka miwili. Ukinunua kwa muuzaji wa mtaani, yachemshe mpaka yaumuke, bila kujali anavyokuhakikishia. Brusela, ugonjwa wa homa utokao kwa mifugo, na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo. Maziwa ya pakiti yaliyosindikwa na mtindi usio na sukari ni sawa. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari na ile poda ya kuweka kwenye chai usiyahesabu kama maziwa.

Mtoto akikataa ladha mpya, changanya kwa hatua: robo ya ng'ombe na robo tatu ya kopo kwa siku mbili, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu ya ng'ombe. Hapa wengi hukosea. Koroga kwanza maziwa ya kopo kwa maji kama kopo linavyoelekeza, ndipo uyachanganye na ya ng'ombe. Kutia unga wa kopo moja kwa moja ndani ya maziwa kunafanya kinywaji kizito mno kwa figo zake. Na kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi kunamnyima chakula. Afadhali apunguziwe chupa na kuongezewa mlo.

Sasa kuondoa chupa. Anza na ile inayotangulia chakula cha mchana, kwa sababu ndiyo inayoua njaa. Iondoe kabisa, na hakikisha saa mbili zinapita bila maziwa kabla ya mlo. Maji ya kunywa apewe. Siku mbili za kwanza atalalamika na huenda akala vijiko vitatu tu. Usirudishe chupa "kidogo tu" baada ya mlo, maana ndipo anapojifunza kwamba kukataa sahani kunaleta chupa. Mpe asusa kwa saa yake na mlo unaofuata kwa saa yake. Baada ya siku nne hadi saba ondoa ya alasiri, kisha ya asubuhi uibadilishe kwa kikombe baada ya uji. Maziwa yanayobaki yote yaje kwa kikombe, baada ya kula.

Kikombe kiwe kidogo, kisicho na mfuniko, kimejazwa vidole viwili. Atamwaga, tandika kitambaa. Atakuwa anajua ndani ya wiki chache.

Chupa ya usiku ndiyo ya mwisho na ndiyo ngumu. Ipunguze mililita 30 kila baada ya usiku mbili: kutoka 180 hadi 150, 120, 90, na ikifika 60 iache. Chakula cha jioni kisogezwe karibu na kulala, kiwe kizito, mfano ndizi za nyama zilizopondwa au wali na maharage, kisha kikombe cha maziwa, kisha mswaki. Baada ya mswaki ni maji tu. Mtoto anayelala na chupa mdomoni anaweza kuoza meno ya mbele ya juu kabla hajafika miaka mitatu. Akiamka usiku, mbembeleze, mpe maji, mlaze tena.

Kuhusu sahani, mtoto wa umri huu hahitaji jiko lake. Anakula mnachokula, kilichokatwa vipande vidogo laini, kilichotolewa kabla ya pilipili na chumvi nyingi. Kila mlo lenga robo tatu ya kikombe cha mililita 250, ukipanda hadi kikombe kizima anapokaribia miaka miwili. Chakula kikae kwenye kijiko bila kutiririka. Kama amezoea vya kusaga kwenye blenda, punguza usagaji wiki kwa wiki: ponda kwa uma, kisha acha vipande, kisha mpe ashike mwenyewe.

Uji wa lishe unastahili onyo. Ule wa nafaka saba na karanga na soya zilizosagwa pamoja huharibika upesi kwa mafuta ya karanga, na karanga au mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Tumia nafaka moja au mbili, ulezi au mahindi, na uweke karanga wakati wa kupika, zilizochambuliwa na kusagwa laini. Kama uji mzito unamshinda, usiongeze maji: uache upoe kidogo, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea, koroga, subiri dakika kumi. Utalainika bila kupoteza nguvu. Uchemshe tena kidogo kabla ya kumpa. Na usikate chuchu ya chupa ili uji upite. Mtoto anaweza kupaliwa, na hajifunzi kutafuna.

Dagaa ni hazina. Toa vichwa na matumbo, osha kwa maji ya moto mara mbili au tatu mchanga uishe, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta, twanga na uchekeche. Wa baharini waliochemshwa na chumvi waloweke kwanza. Kijiko kimoja cha chakula ndani ya maharage, mchicha au ugali laini kinatosha kwa mlo. Maini ya kuku, vijiko viwili, mara moja kwa wiki. Yasizidi hapo kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Yai liive kabisa. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe. Malizia mlo na chungwa, papai au embe, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai hufanya kinyume, hata ya maziwa, kwa hiyo isiwe kwenye meza yake. Karanga nzima, korosho, bisi, pipi na vipande vya miwa viwe mbali.

Mlo uchukue dakika 20 hadi 30, mtoto ameketi, simu imezimwa. Akifunga mdomo, umekwisha. Usimbane pua wala kumlaza umnyweshe. Chakula kipya huweza kukataliwa mara nane au kumi kabla ya kukubaliwa, kwa hiyo kirudishe kidogo kidogo pembeni ya anachokipenda.

Choo kigumu ni cha kawaida wiki za mwanzo. Ongeza maji, papai na mboga, na kagua tena kama maziwa hayajazidi. Kula kwake kutapanda na kushuka siku hadi siku, kwa hiyo pima kwa wiki. Mpeleke kliniki kila mwezi akapimwe uzito, apate matone ya vitamini A kila miezi sita na dawa ya minyoo. Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona damu kwenye choo, kutapika kila mara, vipele vinavyovimba baada ya maziwa, miguu kuvimba, viganja vyeupe, au mzingo wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, ulio chini ya sentimita 12.5.