Kabla ya Kuekspoti Harusi kwenye Diski ya Blu-ray

Mfungo Mosi ukiingia, harusi za Unguja na Pemba hufuatana, na mafundi wa video kuanzia Darajani mpaka Chake Chake huwa na kilio kimoja: mashine imekwama katikati ya kuekspoti (kutoa video iliyohaririwa kuwa faili), au diski imechomwa vizuri lakini ikifika Muscat kicheza hakiitambui. Aghlabu kompyuta haina kosa. Tatizo limeingia mapema, kabla hata bibi harusi hajapakwa hina.

Kwa hiyo swali la mwanzo aulizwe mwenye harusi: diski inakwenda wapi? Kamera zetu nyingi zimewekwa fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, na ni sawa, maana umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiweka shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, taa za ukumbini hazichezi. Vicheza vya Oman na Uingereza havina shida na fremu hizo. Lakini kama shangazi anayeisubiri diski yuko Kanada, jihadhari: vicheza vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani na Kanada havizisomi. Hapo ni bora kurekodi tangu mwanzo kwa fremu 23.976, ambazo vicheza vya pande zote husoma, na shata ibaki hapo hapo 1/50.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi. Blu-ray ya kawaida haipokei picha ya 1920 kwa 1080 yenye fremu 25 nzima nzima kama unavyoiona kwenye programu ya kuhariri. Hubebwa kama 50i, yaani kila fremu imegawanywa nusu mbili za mistari inayopishana, na lazima uchague nusu ya juu itangulie. Fremu 50 au 60 nzima zinakubalika kwa ukubwa wa 1280 kwa 720 tu. Basi chagua mpangilio wa Blu-ray wa H.264 (namna ya kubana video) uliomo ndani ya programu yako, usiekspoti mp4 ya YouTube ukitarajia itapita. Dalili ya kwamba umekosea ni hii: ukiingiza faili kwenye programu ya kutengeneza diski, nayo ikataka kulienkodi, yaani kulibana, upya. Usikubali haraka haraka. Rudi nyuma utazame fremu, ukubwa na sauti, kwani kuenkodi mara mbili kunaivuruga picha, na dhahabu ya bibi harusi ndiyo ya mwanzo kuharibika.

Video za simu zishughulikiwe peke yake. Simu hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyopungua, kwa hiyo midomo ya waimbaji wa taarabu huanza sawasawa na sauti, kisha ikaachwa nyuma kidogo kidogo. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, uzitoe kwa fremu zisizobadilika, ndipo uziweke kwenye taimulaini, ule mstari wa kupangia klipu.

Sauti nayo: AAC, aina ya sauti ya simu, haikubaliki kwenye Blu-ray. Toa AC3 au PCM, kwa kilohezi 48.

Sasa hesabu. Diski ya GB 25 ina takriban baiti bilioni 25; kompyuta nyingi huionyesha kama 23.3 kwa kuwa GB yao ni kubwa kidogo. Bilioni 25 mara 8 ni biti bilioni 200. Harusi ya saa tatu ina sekunde 10,800, kwa hiyo unapata megabiti 18.5 kwa sekunde kwa kila kitu. Toa sauti na menyu, weka wastani wa 16 au 17 kwa kuenkodi kwa mapito mawili, yaani programu iipitie video mara mbili. Sheria ya Blu-ray inaruhusu video ifike megabiti 40, lakini kwa diski ya kuchoma mwenyewe mimi sipandishi kilele kupita 30. Na kwa kuwa familia nyingi zinataka sherehe ya wanawake iwe kwenye diski yake, ihaririwe na mwanamke na isibaki kwenye mashine ya watu wote, hesabu ya kila diski ifanywe peke yake.

Kabla hujabonyeza, hakikisha hadidiski ina nafasi isiyopungua GB 80, kwa faili, taswira ya diski (nakala ya diski nzima katika faili moja) na takataka za muda. Kama ni ya nje, isiwe imefomatiwa kwa FAT32, kwa sababu faili haliwezi kuzidi GB 4 humo. UPS, betri ya akiba, nayo iwe imejaa chaji. Umeme ukikatika hata dakika moja, kazi ya usiku mzima imekwenda.

Ekspoti ikikwama, soma asilimia iliyofikia kisha jaribu tena. Ikisimama pale pale, nenda sehemu hiyo ya taimulaini: utakuta klipu iliyoharibika kwenye kadi au efekti nzito. Itoe, ekspoti kipande hicho pekee uone. Ikisimama kila mara mahali tofauti, shuku joto, hasa wakati wa kaskazi, laptopu iko mezani bila feni. Au nafasi na memori vimekwisha.

Jaribio la kwanza lichomwe kwenye BD-RE, inayofutika, kisha lichezwe kwenye kicheza cha sebuleni, maana kompyuta husamehe mengi. Nakala za kutoa choma kwa kasi ya 4x, na usibandike karatasi ya picha ya maharusi juu ya diski. Karatasi huivuta upande inapopata joto. Tumia diski zinazochapika, au picha iende kwenye kasha.