Kulifuata neno «ínsula» ndani ya Don Quijote

Mimi naandika tiketi za bwato bandarini Bukavu, na mara mbili kwa wiki navuka na abiria hadi Goma. Tunaondoka jioni, tunafika asubuhi. Katikati ya usiku hakuna cha kutazama Ziwa Kivu ila taa chache za kisiwa cha Idjwi upande mmoja, kwa hiyo nasoma. Don Quijote, riwaya ya Mhispania Cervantes juu ya mtu aliyejiona shujaa wa farasi, nilimsoma hivyo, kwa Kifaransa, juzuu mbili zenye majalada yaliyochoka. Mara ya kwanza alinishinda. Sehemu ya kwanza, ya mwaka 1605, ina sura 52. Ya pili, ya 1615, ina 74. Ukifika katikati umeshasahau nani alipigwa na nani. Mara ya pili nilishika neno moja tu, nikalifuata kama mtu anayefuata mbuzi wake aliyekata kamba. Neno lenyewe ni kisiwa.

Ukitaka kufanya hivyo, kwanza chagua neno ambalo watu wa kitabu wanalitamani au wanaligombania. «Farasi» halitakufaa: farasi wapo kwa sababu safari inawahitaji, basi. Kisiwa ni tofauti. Don Quijote anamtoa jirani yake Sancho Panza, mkulima, nyumbani kwake kwa ahadi hiyo: huenda siku moja tukashinda kisiwa, nami nikufanye gavana wake. Hiyo ni sura ya 7. Tangu hapo Sancho hapigwi mawe wala fimbo bila kukikumbuka kisiwa chake.

Pili, tafuta neno lilivyo katika lugha ya mwandishi, hata kama lugha hiyo huijui. Kitabu changu cha Kifaransa kimeandika île kila mahali, neno la kila siku, nami nikapita bila kushtuka. Baadaye nikapakua maandishi ya Kihispania kutoka Project Gutenberg, bure, kwenye simu. Kumbe Cervantes anapoandika ahadi ya Sancho haandiki isla, neno la kawaida la Wahispania. Anaandika ínsula, neno la kale lenye harufu ya Kilatini, la hadithi za mashujaa wa farasi ambazo ndizo zilizomharibu akili Don Quijote. Ni kama mtu akuahidi jazira badala ya kisiwa: unasikia ni kitu kikubwa, lakini hujui kinakaaje.

Kwenye simu usiandike neno zima kwenye kisanduku cha kutafuta. Ile alama juu ya í inasumbua, simu nyingine zinaikataa. Andika «nsula» tu. Utaletewa pia insulanos, yaani wakazi wa kisiwa, neno analolipenda Sancho akishapata cheo. Ukiletewa península, ruka.

Sasa daftari. Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni: nilihesabu. Nikajaza ukurasa mzima vijiti vya penseli, na mwisho nikawa na namba isiyoniambia kitu. Acha kuhesabu. Chora safu tatu: nani analisema, anamwambia nani, anataka nini. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi.

Mstari wangu wa kwanza ulinishangaza, maana Sancho bado hajazaliwa kitabuni. Ni sura ya 1: Don Quijote peke yake chumbani anawaza jinsi atakavyolishinda jitu moja, bwana wa ínsula Malindrania. Neno linaanzia kichwani mwa mgonjwa. Halafu linahama, linaingia kinywani mwa mtu mzima wa akili, na huyo mzima ndiye analing'ang'ania kuliko mgonjwa. Sura ya 10, bwana wake anatoka kupigana, sikio linavuja damu, na Sancho anapiga magoti: nipe ile ínsula.

Wanawake wa kitabu hawadanganyiki. Mwisho wa sehemu ya kwanza mke wa Sancho anamuuliza hizo ínsula ni nini, maana haelewi. Sancho anamjibu kwamba asali si ya kinywa cha punda. Jibu la mtu asiyejua, ukiniuliza mimi. Sehemu ya pili, sura ya 2, mpwa wa Don Quijote anauliza vikali zaidi: ni kitu cha kuliwa, mlafi wewe? Sancho anasema si cha kuliwa, ni cha kutawaliwa. Shika maneno hayo mawili, kula na kutawala. Yatarudi.

Andika pia pale neno linapopotea. Sura ya 29 ya sehemu ya kwanza, ahadi inageuka kuwa ufalme wa Micomicón, katika nchi ya watu weusi. Sancho ananyong'onyea kidogo, raia wake watakuwa weusi wote, kisha anapata dawa: atawapakia awapeleke Hispania awauze, weusi wao ugeuke fedha na dhahabu. Nilifunga kitabu nikatoka nje kuvuta hewa. Cervantes mwenyewe alikuwa mateka Algiers kuanzia 1575 hadi 1580, akingoja kukombolewa kwa fedha. Alijua bei ya mtu. Kama anamcheka Sancho pale au anacheka naye, amua mwenyewe. Mimi kwenye safu ya tatu niliandika: kuuza.

Pa kusoma polepole ni sehemu ya pili kuanzia sura ya 42. Mtawala mmoja tajiri, kwa mzaha, anampa Sancho kisiwa chake, Barataria. Si kisiwa. Ni mji wa watu kama elfu, na barato kwa Kihispania ni rahisi, cha bei ya chini. Gavana anaketi mezani, vyakula vimejaa, na daktari aliyesimama kando ananyoosha kifimbo: sahani inaondoka. Nyingine inaletwa, kifimbo tena. Kile kisichokuwa cha kuliwa kinamnyima hata kula.

Usiku mmoja nilimsimulia hayo mama mmoja wa Idjwi aliyekuwa ameketi juu ya vikapu vyake vya ananasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

«Papa, hiyo kisiwa iko bila mayi?»

«Bila mayi, mama.»

«Basi banamupa tu jina.»

Hakujua kwamba kitabu kina mtu anayesema karibu vilevile. Sura ya 54, Sancho ameshaukimbia ugavana baada ya usiku wa saba, anakutana njiani na Ricote, jirani yake wa zamani. Ricote anamwambia anyamaze: ínsula ziko ndani ya bahari, hakuna ínsula nchi kavu. Sancho anabisha, ametoka huko asubuhi ile ile! Ukifika hapo usicheke haraka. Ametawala vizuri, kesi alizoletewa alizikata kwa haki, na ametoka mikono mitupu.

Usifunge daftari bado. Fungua sura ya 74. Don Quijote yuko kitandani, akili zimerudi, anaandikisha wosia. Anasema kama alipokuwa kichaa aliweza kumpatia Sancho utawala wa ínsula, sasa akiwa mzima, kama angeweza, angempa ufalme, kwa uaminifu wake. Neno limerudi kwa mwenyewe, kwa jina lake lile la kale, mbele ya mwandishi wa wosia na Sancho. Nilijaza safu ya kwanza, nikajaza ya pili. Ya tatu nilishika kalamu mpaka tukaanza kuona taa za Goma, na sikuandika kitu.