Erhu au Gaohu? Namna ya Kuzitofautisha Kabla Hujalipa

Erhu na gaohu ni fidla mbili za Kichina zinazofanana, lakini muuzaji wa mtandaoni huandika "fidla ya Kichina" na kuishia hapo. Juzi nilimsaidia mpiga fidla wa taarab aliyetaka erhu kuchambua picha na video alizotumiwa. Tulifanya hivi.

1. Tazama kisanduku cha sauti. Nyuzi mbili, shingo isiyo na ubao wa vidole, manyoya ya upinde yanayopita katikati ya nyuzi: hivyo vyote viko kwenye ala zote mbili, havikusaidii. Kisanduku cha erhu huwa na pembe sita (mtindo wa Suzhou, ninaoupenda mimi) au nane (mtindo wa Beijing). Cha gaohu ni kidogo zaidi, aghalabu cha duara.

2. Tazama inavyoshikwa. Erhu hukaa juu ya paja la kushoto. Gaohu kwa desturi hubanwa kati ya magoti, ingawa siku hizi wapo wanaoiweka pajani.

3. Pima sauti. Hapa ndipo watu wanapopoteza jioni nzima. Erhu hutyuniwa kwa noti za D na A, gaohu G na D. Umeona mtego? D iko kwenye zote. Kwa erhu ni uzi wa ndani, ule mnene, karibu hezi 294 (mitetemo kwa sekunde). Kwa gaohu ni uzi wa nje, mwembamba, karibu hezi 587, yaani oktava moja juu. Programu ya simu inayoonyesha herufi tupu itakuambia "D" na kukuwekea alama ya kijani hata kama uzi umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ifute. Tafuta inayoonyesha hezi: A ya erhu ni 440, G ya gaohu ni 392.

Kama una fidla, simu huihitaji. Ikiwa imetyuniwa G-D-A-E, nyuzi zake mbili za katikati ndizo erhu. Ila wapigaji wa muziki wa Kiarabu wengi hutyuni G-D-G-D. Hapo A haipo, lakini nyuzi mbili za juu ndizo gaohu yenyewe! Na usijaribu kuipandisha erhu ifikie gaohu kwa nyuzi zilezile. Uzi wa nje utakatika. Kila ala ina seti yake.

Kabla ya kupima, hakikisha kuna kipande cha sponji au kitambaa kizito chini ya nyuzi, karibu na daraja. Kisipokuwepo, ala nzuri nayo hunguruma vibaya.

4. Kagua ngozi inayofunika kisanduku. Ni ya chatu. Isiwe na ufa wala kulegea. Biashara ya chatu inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo dai kibali kabla ya mzigo kuvuka mpaka.

5. Chagua. Anayeanza achukue erhu. Mtunzi wa Kichina Liu Tianhua (1895–1932) aliitungia mazoezi 47, na walimu wa erhu ni rahisi kuwapata. Gaohu ilizaliwa miaka ya 1920 mikononi mwa mwanamuziki Lü Wencheng, aliyeipandisha erhu sauti na kuifunga uzi wa chuma kwa ajili ya muziki wa Kikantoni, wa kusini mwa China. Inunue ikiwa muziki huo ndio unaoutaka. Kwa nyimbo za taratibu mimi naiona kali mno.