Jinsi ya kumtazama yule asiye steringi

Chagua picha ambayo ushaiona zamani, ile unajua kabisa nani atakufa na nani ataolewa. Picha mpya haifai kwa kazi hii ya kutazama waigizaji wa pembeni manake hadithi itakuburuta, utataka kujua steringi ataponaje na adui atapigwa vipi, na yule mzee aliyekaa kwenye kona ya chumba hutamuona kabisa. Ya zamani haina presha. Mwisho unaujua, sasa una nafasi ya kupeleka macho pembeni.

Na sisi wa Lamu, na ndugu zetu wa Malindi pia, kwa jambo hili tuko mbele kidogo na hatujijui. Tumelelewa na picha za Kihindi za kanda, Kihindi chenyewe hatukijui zaidi ya yale maneno ya mapenzi na matusi mawili matatu, maandishi ya chini kama yapo ni ya Kiingereza tena yanapita mbio, na bibi hasomi Kiingereza, lakini bibi ndo alikua wa kwanza kusema "huyo shemeji mnafiki huyo, mtaona". Na kweli mnaona. Alijuaje? Alikua akisoma nyuso, basi. Hio ndo kazi yenyewe, mengine yote nitayosema hapa ni kukumbushana tu.

Mimi ningekwambia anza na Sholay, ya 1975. Kila nyumba ina mtu anaeijua, na ndani yake yumo A. K. Hangal. Watu wakiitaja Sholay watakutajia Amitabh na Dharmendra, wale vijana wawili wanaokuja kijijini kupambana na jambazi Gabbar, halafu kuna watu wazima na heshima zao pale Mkunguni ukiwachokoza watakufanyia kicheko cha Gabbar mpaka punda washtuke, lakini imamu kipofu wa kile kijiji hakuna anaemtaja jina. Ni Hangal huyo. Ukiuliza utaambiwa "aah, yule mzee", na mazungumzo yashaendelea.

Matayarisho si mengi. Picha ni zaidi ya saa tatu kwa hivyo usianze baada ya isha kama alfajiri una safari. Tumia TV ukiweza, kwa simu sura ya mtu wa pembeni inakua kadoti na wewe unazitaka sura. Tazama peke yako au na mtu mmoja anaejua kunyamaza, barazani haiwezekani, lazima atatokea mmoja wa kuhadithia mbele. Na zile picha zilizotiwa sauti na DJ Afro ziweke kando kwa leo, mimi nazipenda na nimecheka nazo sana, lakini kazi yake yeye ni kujaza kila kimya na kazi ya Hangal iko mlemle kwenye kimya.

Sasa nenda pale mwili wa kijana wake unapoletwa. Kama umesahau, Ahmed ni mtoto wa huyu imamu, amepata kazi mji mwingine na anaona vibaya kumuacha babake kipofu peke yake, ametoka safari, watu wa Gabbar wakamkamata njiani, na farasi anarudi kijijini na maiti. Kijiji kizima kimesimama, hakuna anaethubutu kusema. Mzee anatokea, haoni kitu, anauliza kwani leo kuna nini kimya namna hii.

Mara ya kwanza itazame kawaida. Kulia ulie, hakuna anaekuona. Mara ya pili zima sauti. Sauti ikizimwa utaanza kuona vitu, tazama kichwa chake kinavyotafuta watu kwa masikio, tazama mikono kabla haijafika kwenye mwili na baada ya kufika. Kuna vipofu wengi wa picha wanapapasa hewa mikono yote miwili macho kodo, wanataka uone kwamba wanaigiza kipofu. Huyu hana makeke hayo. Mara ya tatu, na hii watu hunicheka nikiwaambia lakini wewe ijaribu, weka kiganja kwenye kioo umfunike yule mkubwa, Amitabh au Dharmendra au yeyote anaesimama katikati, ubaki na waliobaki tu. Ya mwisho geuka, kipe kioo mgongo, sikiliza sauti peke yake hata kama huelewi neno.

Halafu endelea mpaka wanakijiji wanapoanza kunung'unika kwamba hawa vijana wawili ndo wametuletea balaa, waondoke. Mzee ndo amefiwa, na ndo anaewajibu, ati angetaka Mungu angempa watoto zaidi wa kutoa kwa ajili ya kijiji. Adhana inasikika na yeye anakwenda kuswali. Mwigizaji mwingine pale angeanguka chini agaegae na muziki upande juu, na sisi tungesema huyu kweli kaigiza! Hangal ana swala, anaondoka. Hapo mimi huwa natafuta maji ya kunywa.

Jambo lingine la kufanya ni kuuliza huyu mtu alikua nani kabla. Hangal alikua fundi cherehani, alifungwa jela Karachi kwa mambo ya siasa, akahamia Bombay mwaka 1949, akacheza michezo ya jukwaani miaka mingi, na filamu ameingia miaka ya 1960 akiwa ameshavuka umri wa hamsini. Sasa hili ni wazo langu tu, lakini mtu aliyeshinda miaka akipima mabega ya watu na kusikiliza mambo ya nyumbani kwao huku kashika utepe, huyo lazima anajua vile mtu husimama akiwa ana deni au akiwa ana msiba. Fundi wenu wa kanzu mwangalieni vizuri.

Tahadhari hapa. Si kila anaenyamaza ni mzuri, kuna wengine ni wakavu tu, gogo limesimama likavikwa nguo. Kuwatenga si vigumu ukijua pa kutazama, mtazame wakati mwenzake anaongea. Yule mkavu anasubiri zamu yake, unaona kabisa maneno anayo mdomoni tayari na anangoja mwenzake amalize ayatoe. Mzuri anasikia. Lile neno linamfika kama hajawahi kulisikia, na saa ingine unaona kwenye jicho kwamba alikua anataka kujibu kitu kingine akakiacha. Hakuna kipimo kingine nakiamini kama hiki, hata tuzo sizihesabu.

Tuzo zenyewe hebu angalia ya John Cazale, Mmarekani. Amecheza picha ndefu tano tu maisha yake yote, kuanzia The Godfather ya 1972 mpaka The Deer Hunter ya 1978, na zote tano zilipendekezwa kwa Oscar ya picha bora na tatu zikaipata. Yeye mwenyewe hajapendekezwa hata mara moja. Alikua anaumwa saratani ya mapafu wakati wanapiga ile ya mwisho, wakamtangulizia sehemu zake, akafariki Machi 1978 ana miaka 42 na picha haijatoka. Kwenye The Godfather yeye ndo Fredo, yule ndugu dhaifu. Babake anapigwa risasi barabarani, Fredo bastola inamponyoka, hajui afanye nini, anakaa pale ukingoni mwa barabara analia. Wenye kazi ngumu ni hawa, kukubali kuonekana mjinga mbele ya dunia nzima ili ndugu yako aonekane shujaa. Na kwenye Dog Day Afternoon ya 1975 ni mwizi wa benki, mwenzake anamuuliza wakitoroka angetaka kwenda nchi gani, anajibu Wyoming, ambayo ni jimbo la hukohuko Marekani, na hacheki, hakukonyezi, kwake lile ni jibu. Inasemekana neno lenyewe hata halikuandikwa, alilitoa yeye.

Usidhani ni mambo ya huzuni tu. Vichekesho ni hivohivo na pengine ni vigumu zaidi. Tafuta sehemu za zamani za Vitimbi, ile ya KBC, macho usimpe Mzee Ojwang japo anakuvutia, mpe mkewe, Mama Kayai. Ojwang anapanga uongo, Mama Kayai anausikiliza. Uongo mzuri unataka msikilizaji, vinginevyo ni mtu anapayuka tu.

Ukitaka kumsifu mtu wa aina hii barazani usiseme "kaigiza vizuri", hio haina maana na utajibiwa "kwani kafanya nini, yuwakaa tu". Sema kitu kimoja alichofanya na kiko wapi. Sema pale aliposikia adhana. Sema bastola ilivyomponyoka. Wakibisha chukua simu uwaonyeshe, bando litaisha lakini ubishi pia utaisha.

Na majina ukianza kupita simamisha picha. Hawa watu sura zao tunazijua na majina hatuyajui, tunaita yule mzee, yule kipara, yule askari. Andika jina kwenye simu ulitafute. La Hangal litakuletea picha zaidi ya mia mbili, na moja ni Lagaan ya 2001, ile ya kriketi, ambayo mtaa mzima umeitazama na yumo mle ndani kama mzee wa kijiji, ana uzee wa kweli sasa. Itie tena, na kiganja kiwe tayari kwa Aamir Khan.