Jinsi ya kusoma katuni za kale za Marekani

Nikiwafungulia wanafunzi wangu wa historia, hapa Kaloleni, Nairobi, katuni ya Puck, jarida la kale la vichekesho la Marekani, macho yao hukimbilia mtu mkubwa wa katikati. Huwaambia waanzie pembeni.

Chukua ile ya Louis Dalrymple ya Januari 1899, inayoonyesha darasa. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka mtandaoni bure. Kwanza tafuta kilichokuwa kikiendelea: Hispania ilikuwa imetoka kushindwa vita na Marekani, nayo Marekani imejipatia visiwa.

Sasa pembeni. Kijana mweusi yuko juu ya ngazi, anapangusa dirisha; hana dawati. Karibu na mlango, mtoto wa wenyeji wa asili wa Marekani ameshika kitabu juu chini. Mchina amesimama mlangoni, hajaingia. Ndipo urudi katikati: Mjomba Sam, mzee anayechorwa kuiwakilisha Marekani, ndiye mwalimu, na mbele yake wamenuna watoto wanaowakilisha Ufilipino, Hawaii, Puerto Rico na Kuba. Kuza picha usome ubao. Umeandikwa kwamba Uingereza ilitawala makoloni yake bila kungoja ridhaa yao, na kwa hivyo ikaendeleza ustaarabu. Mwaka huohuo reli ya Waingereza ilifika hapa Nairobi. Ubao ule unatuhusu.

Wengi huishia hapo: Puck lilikuwa la kibaguzi, basi. Wanaharakisha. Mwanzilishi wake, Joseph Keppler, mhamiaji kutoka Vienna, alichora mwaka 1889 mabwanyenye wenye matumbo kama magunia wakiwasimamia maseneta, na mlango wa wananchi umefungwa. Mwaka 1893 akachora matajiri wakimzuia mhamiaji asishuke melini, huku vivuli vyao vikionyesha umaskini waliotoka nao. Jarida lilelile liliwakabili wenye nguvu na kuwadharau wanyonge. Yashike yote mawili.

Angalia pia chama. Puck lilielemea Democrats. Jarida la Judge, lililoanzishwa 1881 na wachoraji waliolihama, likaja kuwa upande wa Republicans.

Kisha weka kando yake nakala ya Joe, jarida la Hilary Ng'weno na Terry Hirst lililoanza hapa Nairobi mwaka 1973. Humo anayecheka ni mwananchi wa kawaida, na anacheka maisha magumu anayoyaishi mwenyewe. Mwanafunzi akikuambia tu kwamba katuni inachekesha, mwulize ni nani ndani ya picha asingecheka, na amewekwa wapi.