Somo: Kumtambua buibui mrukaji na kuliandika jina lake la kisayansi inavyotakiwa

Habari zenu wadau. Swali la "huyu buibui anaitwaje?" limejibiwa hapa mara nyingi mno, na majibu yote yamezama chini ya picha mpya. Leo naliandika jibu zima mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa, na nitamwomba asome mpaka mwisho, hasa hatua ya nne na ya sita.

Nazungumzia wale buibui wadogo wenye manyoya wanaotembea kwa kushtukashtuka ukutani, ambao ukiwasogezea kidole hugeuka kukutazama. Familia yao ni Salticidae. Ndiyo familia kubwa kuliko zote za buibui: spishi, yaani aina, zaidi ya 6,000 zimeshapewa majina, katika jenasi (makundi ya spishi zenye undugu wa karibu) zaidi ya 600. Kwa hiyo ukiniambia umepata "buibui mrukaji" hujakosea, ila kazi ndiyo kwanza inaanza.

Hatua ya 1. Hakikisha ni buibui: miguu minane, mwili wa sehemu mbili, hana papasi, yaani zile nyuzi za kugusia zilizo kichwani mwa wadudu.

Hatua ya 2. Tazama macho. Mrukaji ana macho manane. Manne yamejipanga usoni, na mawili ya katikati ni makubwa kama taa za mbele za matatu. Manne mengine yako juu ya kichwa, yakielekea nyuma, na katika hayo kwa kawaida kuna mawili madogo mno ambayo simu bila lenzi haiyaoni. Wengi humchanganya na buibui mbwa-mwitu wa familia ya Lycosidae, ambaye naye hukimbia bila kutega utando. Huyo ana mstari wa macho manne madogo chini, na juu yake ndipo yalipo mawili makubwa. Yule mwenye miiba mirefu miguuni na macho sita yaliyojipanga kama pembesita ni wa Oxyopidae. Anaruka pia, ndiyo, lakini kuruka hakumwingizi mtu katika familia hii. Macho ndiyo yanayomwingiza.

Hatua ya 3. Piga picha tatu: uso, mgongo kutoka juu kabisa, na ubavu. Andika mahali na tarehe.

Hatua ya 4. Jua jinsia na umri kabla hujataja jina lolote. Hapa ndipo michango mingi inapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tazama viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya miguu, kando ya mdomo. Vinaitwa palpi. Kwa dume aliyekomaa ncha zake zimevimba kama amevaa glavu za ndondi, kwa sababu ndani yake mna kiungo cha kujamiiana na jike. Kwa jike na kwa mtoto ni nyembamba. Dume aliyebakiza kujiambua ngozi mara moja palpi zake huvimba pia, lakini huwa laini, hazina vijisehemu vigumu vya rangi ya kahawia. Usimhesabu kuwa amekomaa. Jike aliyekomaa ana bamba gumu la uzazi chini ya tumbo, mbele ya mfereji mdogo unaokata tumbo kwa upana. Bamba hilo na palpi ya dume ndivyo wataalamu wanavyovitumia kutenganisha spishi. Rangi haitoshi. Chukua *Plexippus paykulli*, ambaye biashara ya meli imemsambaza dunia nzima: dume ni mweusi mwenye mstari mweupe katikati ya mgongo, jike ni wa kijivu na kahawia. Ukiwaona kando kando bila kujua, utaapa ni wanyama wawili tofauti. Waliotutangulia waliapa hivyo hivyo, na ndiyo maana katika vitabu vya zamani dume na jike wa spishi moja mara nyingine wana majina mawili.

Jihadharini hapa: mtoto wa buibui hapewi jina la spishi kwa picha. Hata mtaalamu hatampa. Ukimkuta mdogo, ishia kwenye familia, au kwenye jenasi kama alama ziko wazi.

Hatua ya 5. Shuka ngazi kwa utaratibu: himaya Animalia, faila Arthropoda, ngeli Arachnida, oda Araneae, familia Salticidae. Mpaka hapo hakuna mabishano. Chini ya familia kuna nusufamilia, na mpangilio unaotumika sana sasa ni ule wa mtaalamu wa warukaji Wayne Maddison wa mwaka 2015, wenye nusufamilia saba. Mmoja wa hizo, Salticinae, ndio wenye zaidi ya asilimia 90 ya spishi zote, kwa hiyo wa ukutani kwako karibu hakika ni wa humo. *Portia*, yule anayewinda buibui wenzake, ni wa Spartaeinae.

Hatua ya 6. Simama pale ushahidi wako unapoishia. Jina la kisayansi ni madai. Ukiandika *Menemerus bivittatus* umedai kwamba mnyama huyu, ukimweka chini ya hadubini, atalingana na maelezo ya spishi hiyo na si ya ndugu zake, na jenasi *Menemerus* ina ndugu wengi Afrika. Kama ulichonacho ni picha ya mgongo tu, andika *Menemerus* sp., yaani spishi fulani ya jenasi hiyo ambayo hukuifikia. Ukiona anafanana sana lakini huna hakika, andika *Menemerus* cf. *bivittatus*, yaani alinganishwe na huyo. Hakuna aibu katika "sp." Jina la uongo lililoandikwa kwa kujiamini linanakiliwa na wengine, kisha linaingia kwenye ramani za wanyama wa Kenya, na kulitoa huko ni kazi ya miaka.

Hatua ya 7. Andika jina sawasawa. Jenasi ianze kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo hata kama imetokana na jina la mtu au la nchi, yote mawili kwa mlazo. Majina ya familia hayalazwi, na "sp." hailazwi. Ukishataja jina kamili mara moja, unaweza kufupisha jenasi: *M. bivittatus*. Baada ya jina huja aliyeieleza spishi na mwaka.

Sasa mabano. *Menemerus bivittatus* (Dufour, 1831) yana mabano. *Evarcha culicivora* Wesołowska & Jackson, 2003 hayana. Mabano si pambo. Yanasema kwamba Dufour alipoieleza spishi hiyo aliiweka jenasi nyingine, *Salticus*, kisha ikahamishwa baadaye. Wesołowska na Jackson waliiweka yao *Evarcha* na bado iko huko. Ukiongeza au ukiondoa mabano kwa sababu yanapendeza machoni, umebadilisha historia ya mnyama.

Mahali pa kuhakiki ni Katalogi ya Buibui Duniani, inayotunzwa na makumbusho ya historia ya asili ya Bern, Uswisi. Iko wazi mtandaoni. Andika jina, utaona lilianza lini, lilihamia wapi, na majina ya zamani yaliyofutwa. Fanyeni hivyo kabla ya kuniuliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Umoja: Huyu ni gani? [picha]

Mwandishi: Picha ina ukungu, imepigwa kutoka mita moja, haina mahali wala tarehe. Rudi hatua ya 3.

Kijana wa Umoja: Lakini si unaweza kukisia tu?

Mwandishi: Naweza. Sitafanya hivyo. Hatua ya 6.

Bi. Zuhura wa Eastleigh: Asante sana mwalimu. Nina swali la kijinga. Mimi wangu yuko dirishani jikoni, kila asubuhi yupo. Ana sumu?

Mwandishi: Si la kijinga, bibie. Ana sumu ya kuulia nzi na wadudu wadogo, kama karibu buibui wote. Kwako hana madhara, na hatafuti mtu wa kuuma. Mwache. Na siku ukipuliza dawa ya mende jikoni, mtoe nje kwanza kwa kikombe na kadi.

Lenzi Tatu: Programu ya simu imenipa *Phidippus audax*, asilimia 97. Mbona wewe ulinikatalia wiki iliyopita?

Mwandishi: Kwa sababu *Phidippus audax* ni wa Amerika ya Kaskazini, na wewe ulimpiga picha Kasarani. Programu imefundishwa kwa picha za Wamarekani wengi wanaompenda huyo buibui, kwa hiyo kila mweusi mwenye madoa inamwita hivyo. Hiyo asilimia ni ya programu kujiamini, haitoki kwenye palpi. Ukipewa jina, swali la kwanza liwe: spishi hii inaishi wapi?

Lenzi Tatu: Sawa, lakini ungejibu kwa upole.

Mwandishi: Nimekujibu swali hilo hilo mara ya pili, kaka. Picha yako ya uso ni nzuri sana, hilo nalisema kwa dhati. Piga na ya mgongo, tutafika kwenye jenasi.

Mwanafunzi wa Juja: Nimeona orodha moja ya zamani inaita familia hii Attidae. Ni familia nyingine?

Mwandishi: Swali zuri. Ni hawa hawa. Latreille aliunda jenasi *Salticus* mwaka 1804, Walckenaer akaunda *Attus* mwaka 1805 kwa buibui wa aina ile ile. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinampa haki aliyetangulia, kwa hiyo *Attus* imekuwa jina la pili la *Salticus*, lisilotumika, na jina la familia lililobaki ni Salticidae, la Blackwall, 1841. Ukisoma kazi za karne ya 19 utakutana na *Attus* kila ukurasa. *Plexippus paykulli* wa hapo juu alianza akiwa *Attus*, na sasa unajua kwa nini anaandikwa (Audouin, 1826) ndani ya mabano.

Na kuna jambo lingine linalohusu buibui peke yao. Majina ya wanyama wote yanahesabiwa kuanzia toleo la 10 la kitabu cha Linnaeus, 1758. Buibui wamepewa ruhusa ya pekee: majina ya Carl Clerck, Mswidi, ya mwaka 1757, yanakubalika. Ndiyo maana utaona *Salticus scenicus* (Clerck, 1757). Ule mwaka haukukosewa.

Mwanafunzi wa Juja: Kwa hiyo mwenye jina la zamani hushinda daima?

Mwandishi: Karibu daima. Jina la zamani ambalo halijatumiwa na mtu kwa muda mrefu sana linaweza kuwekwa kando ili jina lililozoeleka libaki, lakini kuna masharti, na tume ya kimataifa ndiyo inayoamua kesi ngumu. Ukipenda mambo haya, angalia *Myrmarachne*, wale wanaoiga sisimizi na kuinua miguu ya mbele kama papasi. Mwaka 2016 Jerzy Prószyński aliigawa jenasi hiyo kubwa katika kadhaa. Wa nyumbani kwenu huenda akabadilishiwa jina bila yeye kubadilika hata kidogo.

Mkulima wa Kangundo Road: Nilisikia kuna buibui anayekula mbu wa malaria tu. Nina mmoja mwenye uso mwekundu hapa shambani. Ni yeye?

Mwandishi: Unayemsema ni *Evarcha culicivora*. Anajulikana kutoka maeneo ya Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda, na utafiti mwingi juu yake umefanyika Mbita. Hali mbu tu, lakini anapenda kuliko vyote mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na katika mbu anawachagua *Anopheles*. Hivyo anapata damu yetu kupitia kwa mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba anavutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Huvutwa pia na mlantana, ule ule wa kwenye ua wenu. Uso mwekundu peke yake hautoshi, warukaji wengi wanao. Weka picha tatu. Ukiwa na dume aliyekomaa ndiyo bora zaidi.

Fundi wa Kamera: Wadau, kwa wasio na lenzi ya karibu: mweke ndani ya kikopo kinachoonyesha, weka karatasi nyeupe chini, funika mwanga wa simu kwa karatasi ya tishu ili usimwakie. Anatulia.

Mwandishi: Nakubaliana. Akiwa mkaidi, dakika chache mahali pa baridi humpunguza mwendo. Dakika chache, jamani. Kisha mrudishe pale pale ulipomtoa.

Shangazi Ngara: Nikipata ambaye hajawahi kupewa jina, naweza kumwita kwa jina la mama yangu?

Mwandishi: Inawezekana kabisa, dada. Jina la kumheshimu mwanamke huishia na -ae, la mwanamume -i. *Paracyrba wanlessi* wa Malaysia, anayewinda viluwiluwi vya mbu ndani ya mianzi, alipewa jina kwa heshima ya Fred Wanless, mtaalamu wa warukaji wa London. La mahali huishia na -ensis. Likiwa ni sifa ya Kilatini, lazima likubaliane na jinsia ya jenasi: *bivittatus* kwa sababu *Menemerus* ni ya kiume, *culicivora* kwa sababu *Evarcha* ni ya kike.

Lakini jina halianzi mpaka uchapishe. Utahitaji maelezo yanayomtofautisha na ndugu zake wote, michoro ya palpi au ya bamba la uzazi, na kielelezo kimoja kilichoteuliwa kubeba jina hilo, kinachoitwa holotipo, kikae mahali ambapo mtafiti yeyote atakipata. Kwetu, Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi yana idara ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Kama chapisho ni la mtandaoni tu, tangu 2012 lazima lisajiliwe ZooBank, rejesta rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama. Na kukusanya kwa ajili ya utafiti kunahitaji vibali. Msiingie msitu wa Karura na chupa mkidhani ni bustani yenu.

Shangazi Ngara: Na huyo holotipo anahifadhiwaje asioze?

Mwandishi: Ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 kwa kazi ya hadubini, zaidi ya 95 kama unataka DNA. Lebo iwe ya karatasi, iandikwe kwa penseli, iingie ndani ya chupa pamoja na buibui: mahali, tarehe, aliyekusanya. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, na lebo ya nje hubanduka.

Kijana wa Umoja: Nimepiga upya. Uso, mgongo, ubavu. South B, ukuta wa nje wa fleti, jana saa nne asubuhi. [picha 3]

Mwandishi: Sasa tunaongea. Mwili bapa, tumbo la kijivu, mstari mweusi katikati na weupe pembeni, palpi zimevimba na zina sehemu ngumu: dume aliyekomaa wa *Menemerus*. Kwa mstari ule namwandika *Menemerus* cf. *bivittatus*. Ukimpata tena, piga palpi ya kushoto kutoka chini, kwa karibu kadiri utakavyoweza, tuone kama hiyo "cf." itaondoka.